Ulinganisho: Icon of the Seas, MSC World Europa, Queen Mary 2 au Viking Star kwa familia ya vizazi vitatu?

Baba Salma

Wakuu, habari za majukumu. Wazazi wangu wanakaribia kutimiza miaka 50 ya ndoa, na sisi watoto tumeamua kuwapeleka safari ya meli ya kitalii. Tutakuwa sita: wazee wawili, mimi na mke wangu, na watoto wetu wa miaka 6 na 11. Mzee akiwa ndani anatembea kwa fimbo, akitoka nje anatumia kiti cha magurudumu. Mke wangu naye bahari humlevya upesi, hata kivuko cha safari fupi humchafua roho.

Nimepekua meli nyingi hadi zimebaki nne. Naziweka hapa kwa takwimu zake ili tuzungumze juu ya kitu kimoja:

Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024: GT (kipimo cha ukubwa wa meli) 248,663, urefu mita 365, sitaha 20, abiria 5,610 kwa hesabu ya wawili kila chumba na 7,600 vitanda vyote vikijaa, wafanyakazi 2,350, kasi noti 22 (yaani maili 22 za baharini kwa saa).

MSC World Europa, 2022: GT 215,863, urefu mita 333, abiria hadi 6,762.

Queen Mary 2, 2004: GT 149,215, urefu mita 345, abiria 2,691, kasi ya juu noti 30.

Viking Star, 2015: GT karibu 47,800, urefu mita 228, abiria 930, kasi noti 20.

Kwa GT, Icon ni zaidi ya mara tano ya Viking Star. Je, ukubwa huo ndio utakaotupa raha, au tutakuwa tunatafutana kutwa? Na kwa mtu anayelevywa na bahari, meli kubwa kweli ndiyo dawa kama wanavyosema? Wenye uzoefu nisaidieni.

Mama Mapacha

Pole na hongera kwa wazee. Kabla hujaenda mbali, futa Viking Star. Kampuni hiyo haipokei mtu aliye chini ya miaka 18 kwenye meli zake za baharini, kwa hiyo watoto wako wote wawili wanabaki bandarini. Ni meli nzuri, tulivu, haina hata kasino, lakini imejengwa kwa ajili ya watu wazima peke yao.

Zilizobaki tatu zote zina sehemu za watoto, ila kwa viwango tofauti sana. Icon imegawanywa mitaa minane, na mmoja wao, Surfside, umepangwa kwa ajili ya familia zenye watoto wadogo: bwawa, michezo na sehemu za kula vyote viko pamoja, mzazi hahitaji kukimbia kutoka omo hadi tezi. Mabwawa ni saba na mateleza ya maji sita. World Europa ina telezi kavu linaloshuka sitaha 11, mwanao wa miaka 11 atalisimulia mpaka awe mtu mzima. Kwa huyo wa miaka 6 uwe mwangalifu: mateleza makubwa yana kipimo cha kimo, na mtoto aliyepanga foleni muda mrefu kisha akarudishwa mlangoni hulia kilio kisichotulizika. Soma vipimo hivyo mapema, umpime nyumbani, umweleze kabla hamjapanda.

Queen Mary 2 ina klabu ya watoto na mabwawa, lakini usitegemee mateleza. Huko mtoto anayependa vitabu na nyota ndiye anayefurahi: kuna maktaba kubwa na ukumbi wa kutazamia sayari. Kuna hata vibanda vya mbwa na paka wanaosafiri na wenyewe.

Fundi Karakana

Ndugu Baba Salma, hiyo GT umeitumia kama wanavyoitumia wauzaji wa safari, na hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa. GT si uzito. Ni kipimo cha nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli, kuanzia chumba cha mitambo hadi ukumbi wa maonyesho, na hukokotolewa kwa fomula ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969. Unachukua ujazo kwa mita za ujazo, unauzidisha kwa namba inayopanda polepole kadiri meli inavyokuwa kubwa. Ukiirudisha nyuma hesabu hiyo kwa Icon, unapata kama mita za ujazo 780,000 za nafasi. Uzito wa meli ni jambo lingine kabisa, huo ni uzito wa maji inayoyasukuma kando inapoelea.

Kwa sababu hiyo, mtu akikuambia Icon ni Titanic tano, kwa kuwa Titanic ilikuwa na tani 46,328, usimfuate. Tani za enzi zile zilipimwa kwa kanuni nyingine, moja ikiwa futi za ujazo 100, na baadhi ya sehemu za meli zilikuwa zinaachwa nje ya hesabu.

Unachotaka kujua wewe ni fungu lako wewe. Gawanya GT kwa idadi ya abiria. Icon, wawili kila chumba, inatoa 44. Viking Star 51. Queen Mary 2 inatoa 55, yaani meli ndogo kwa GT kuliko Icon inampa kila abiria nafasi kubwa zaidi. Ukitaka kuona hesabu hii inafika wapi, tazama Europa 2 ya Hapag-Lloyd: GT 42,830 kwa abiria wapatao 500, zaidi ya 80 kwa kila mtu. Meli hiyo ingeweza kupotea kando ya Icon, na bado abiria wake wana nafasi karibu maradufu.

Sasa chukua ile hesabu ya vitanda vyote kujaa. Icon yenye abiria 7,600 inashuka hadi chini kidogo ya 33. World Europa yenye 6,762 inashuka hadi 32. Ni meli ileile, sitaha zilezile, mabwawa yaleyale, ila fungu lako limekatwa karibu robo. Kitanda cha tatu na cha nne hujazwa na nani? Watoto. Hujazwa lini? Shule zikifungwa. Kwa hiyo tarehe utakayoandika kwenye fomu ina uzito kuliko tofauti ya GT kati ya Icon na World Europa. Mimi ningeanza na kalenda, meli ingefuata.

Kasa

Nakubaliana na Fundi kuhusu fungu la mtu, lakini naona mnasahau swali la msingi: meli itawafikisha wapi? Meli kubwa hubeba starehe yake yenyewe kwa sababu bandari nyingi imejifungia.

Angalieni Venice. Tangu tarehe 1 Agosti 2021, meli inayozidi GT 25,000, au urefu wa mita 180, au kimo cha mita 35 juu ya maji, hairuhusiwi kupita mbele ya uwanja wa San Marco na mfereji wa Giudecca. Hata hiyo Viking Star mnayoiita ndogo haipiti. Angalieni Antaktika: meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na hata zile ndogo haziruhusiwi kuwa na zaidi ya watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja. Na tangu Agosti 2011 mafuta mazito yamepigwa marufuku katika maji yale. Norway nayo, kuanzia 2026, kwenye ghuba zake nyembamba zilizo urithi wa dunia, kama Geirangerfjord, inataka meli za chini ya GT 10,000 zisitoe moshi wa kuchafua kabisa, na kubwa zifuate mwaka 2032.

Mfereji wa Panama pia. Milango mipya iliyofunguliwa Juni 2016 ina upana wa kutosha kwa meli kubwa sana, lakini upande wa Pasifiki kuna daraja la Amerikas, na meli za aina ya Oasis na Icon ni ndefu mno kwenda juu, hazipiti chini yake.

Kwa hiyo mimi ningetafuta meli ya watu mia chache inayopokea watoto. Le Commandant Charcot ya Ponant ina mita 150 tu na abiria 245, lakini mwaka 2021 ilipasua barafu hadi Ncha ya Kaskazini ya dunia. Royal Clipper ina milingoti mitano na matanga 42, abiria 227, na nahodha akizima mitambo unasikia maji yakipasuliwa na mkuku. Hapo ndipo mtu husafiri baharini. Kwenye Icon unaweza kukaa kutwa nzima usiuone upeo wa bahari.

Mama Mapacha

Kasa, napenda moyo wako, lakini huyu ana mzee mwenye kiti cha magurudumu na mtoto wa miaka 6. Matanga na barafu watazipenda siku nyingine.

Baharia Mstaafu

Nimefanya kazi sitahani miaka mingi, nitajibu lile la kulevywa na bahari, kwa sababu linasemwa sana na kwa pupa.

Meli hutikisika kwa namna mbili zinazowasumbua watu. Kuna kwenda mrama, ubavu kwa ubavu. Kuna kuinuka omo na kushuka. Mapezi ya kutuliza, yale yanayochomozwa pande mbili chini ya maji, hupunguza mrama kwa kiasi kikubwa meli ikiwa mwendoni. Kwa omo kuinuka na kushuka hayasaidii. Hapo kinachosaidia ni urefu wa meli, umbo la omo, na mahali ulipolala. Mtu anayelevywa achukue chumba cha katikati ya meli na sitaha ya chini. Kule juu mbele, penye madirisha mapana, ndiko mtikisiko unakosikika zaidi.

Sasa tofauti ya Queen Mary 2 na hizo nyingine. Queen Mary 2 ilijengwa Saint-Nazaire ili ivuke Atlantiki ya Kaskazini mwaka mzima kwa ratiba. Omo yake ni refu na limechongoka, imezama zaidi ya mita 10 majini, boti zake za uokoaji zimepandishwa juu kuliko kawaida ili mawimbi yasizifikie, na vyumba vingi vyenye roshani vimekatwa ndani ya ubavu wa chuma badala ya kuning'inizwa nje. Mitambo yake inaweza kutoa karibu megawati 117: injini nne za dizeli na tabo (turbine) mbili za gesi. Icon, yenye GT nyingi zaidi, ina megawati 67.5 tu. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kasi. Nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa kasi (kasi mara kasi mara kasi), kwa hiyo kutoka noti 22 hadi 30 unahitaji nguvu zaidi ya mara mbili na nusu kwa meli ileile. Kasi hiyo ni akiba ya nahodha: dhoruba ikimchelewesha, anaweza kuufidia muda.

Icon ilijengwa Turku, Finland, kwa kazi nyingine. Ni pana, ina kuta ndefu juu ya maji, tumbo limejaa ili vyumba viwe vingi. Watu huitazama wakadhani itapinduka, ila uzito mkubwa, yaani mitambo, matangi na chuma kinene, uko chini, na huo upana wenyewe huipa uimara. Kinachomsumbua nahodha wake ni upepo ukiipiga ubavuni wakati wa kuingia bandarini. Ndiyo maana ina mitambo mitatu ya Azipod ya megawati 20 kila mmoja, ambayo rafadha na mota yake huning'inia chini ya tezi na kugeuka upande wowote, pamoja na rafadha za pembeni kule omo.

Lakini sikiliza hili, ndugu. Ukiniuliza meli ipi ni bora katika bahari mbaya, nitasema Queen Mary 2 bila kusita. Ukiniuliza mkeo atapata nafuu wapi, nitasema Icon, kwa sababu meli hiyo haiendi kwenye bahari mbaya. Hufanya safari za usiku 7 Karibi kutoka Miami, na siku nyingi maji yale ni matulivu. Queen Mary 2 kutoka Southampton hadi New York ni usiku 7 wa maji matupu. Mwezi wa Julai Atlantiki inaweza kuwa kama kioo, mkakutana na ukungu tu karibu na Newfoundland, na inaweza pia kubadilika. Njia inamtikisa abiria kuliko umbo la meli.

Na kwa Karibi kumbuka majira ya vimbunga, Juni hadi Novemba. Meli haziingii kwenye kimbunga, hubadili njia, ila mawimbi ya mbali huwafikia, na bandari mliyoilipia mnaweza kuikosa.

Sindano ya Dira

Mzee Baharia, shikamoo. Naomba kuuliza: watu 7,600 na wafanyakazi zaidi ya 2,000 wakilazimika kuondoka melini, inawezekana? Hilo ndilo linalonizuia mimi kupanda meli hizi.

Baharia Mstaafu

Marahaba. Ni swali la haki. Kanuni za kimataifa za usalama baharini, SOLAS, zinataka nafasi kwenye boti na maboya ya kujazwa hewa izidi idadi ya watu wote waliomo. Boti moja kwa kawaida haizidi watu 150. Oasis of the Seas ilipojengwa, mwaka 2009, ingehitaji boti nyingi mno, ikatengenezewa boti kubwa 18 za watu 370 kila moja baada ya muundo huo kuthibitishwa kuwa salama, na zilizobaki zikajazwa na maboya yanayoshukiwa kwa mfereji wa kitambaa.

Lakini tazama hili pia. Meli ya abiria yenye urefu wa mita 120 au zaidi, ambayo mkuku wake ulilazwa (yaani ujenzi wake ulianza) kuanzia tarehe 1 Julai 2010, lazima iweze kurudi bandarini kwa nguvu zake yenyewe hata moto ukiharibu sehemu moja au maji yakiingia chumba kimoja cha chini. Kwa hiyo ina vyumba vya mitambo viwili vilivyotenganishwa, nyaya mbili, pampu mbili. Lengo ni watu wabaki melini, kwa sababu meli yenyewe ndiyo boti bora. Icon, World Europa na Viking Star zote zimejengwa chini ya kanuni hiyo. Queen Mary 2 ni ya kabla yake.

Tena, baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba Januari 2012 na watu 32 kufa, baadhi ya abiria wakiwa hawajafundishwa hata pa kukusanyika, kanuni ilibadilishwa: zoezi la usalama hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Msilikwepe. Wapelekeni watoto wakaione sehemu yao ya kukutania kwa miguu yao wenyewe.

Bi Zuhura

Natumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo niseme kwa niaba ya mzee.

Uliza kwanza bandari zipi meli inafunga gatini na zipi inatia nanga nje. Ikitia nanga, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na hapo ndipo wengi wetu tunapobaki melini. Kiti chepesi cha kukunja mara nyingine hupokelewa bahari ikiwa imetulia, kiti kizito cha umeme mara nyingi hakipokelewi. Meli iwe na sitaha 20 au 10, hilo ndilo litakaloamua kama mzee atakanyaga nchi au atawasubiri.

Halafu chumba. Usichukue chumba cha kawaida ukitarajia kiti kitapita. Vyumba vilivyoandaliwa vina mlango mpana, bafu lisilo na kizingiti, vishikio, na nafasi ya kuzungusha kiti. Ni vichache katika kila meli, hata iliyo kubwa, na hukamatwa mapema. Andikeni mahitaji yake wakati wa kuweka nafasi, si siku ya kupanda, kwa sababu orodha hiyo ndiyo inayotumiwa pia wakati wa dharura, lifti zinapozimwa na wafanyakazi wanapoletewa viti maalumu vya kushushia watu ngazini.

Umbali nao msiudharau. Mita 365 ukizienda na kurudi mara tatu kwa siku, mzee wa fimbo atachoka kabla ya chakula cha jioni. Chumba kiwe karibu na lifti, na kumbi mtakazotumia zaidi ziwe upande uleule wa meli. Ramani za sitaha ziko wazi kwa kila mtu, zisomeni mkiwa wote mezani. Queen Mary 2 ina kitu kimoja ninachokipenda sana: njia ya wazi ya mbao inayoizunguka meli nzima, na mtu wa kiti anaweza kuuona upepo na bahari bila kupandishwa popote.

Kasa

Na mafuta je? Icon na World Europa zinatumia gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, na matangazo yanaiita safi.

Fundi Karakana

Safi kwa upande mmoja. Gesi hiyo karibu haina salfa, masizi ni machache, na moshi haukereheshi sitaha za nyuma. AIDAnova ya mwaka 2018 ndiyo iliyoanza kati ya meli za kitalii kuiendeshea mitambo yake. Kasoro yake ni methani inayopita kwenye silinda bila kuungua na kutokea bombani, na methani hupasha angahewa joto kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. World Europa imefungiwa pia seli za mafuta, yaani vifaa vinavyotoa umeme kutoka kwa mafuta bila kuyachoma, za kilowati 150 kama majaribio. Ni mwanzo wenye maana, ila pima kilowati 150 mbele ya meli inayohitaji makumi ya maelfu. Meli za mafuta ya kawaida nazo zimebanwa: tangu Januari 2020 salfa katika mafuta haipaswi kuzidi asilimia 0.50 duniani kote, isipokuwa meli yenye mtambo wa kuosha moshi.

Kwa hiyo Kasa, sitasema Icon ni chafu kuliko nyingine wala sitasema ni safi. Nasema ulizeni kama itachomekwa umeme wa nchi kavu ikiwa gatini, maana hapo ndipo wakazi wa bandari wanapoona tofauti.

Baba Salma

Wakuu, sijui niwashukuru vipi. Nimekaa na familia nikawasomea yote haya. Viking Star imetoka kwa ajili ya watoto. World Europa imetoka kwa sababu fungu lake halizidi la Icon na hakuna kati yetu aliyeililia, ingawa huyu wa miaka 11 aliposikia sitaha 11 za telezi alinyamaza muda mrefu.

Zikabaki mbili, na hapo tukagawanyika. Mzee anaitaka Queen Mary 2. Amevutiwa na ile njia ya mbao, na aliposikia kwamba mojawapo ya honi zake ilitoka kwenye Queen Mary ya kwanza ya mwaka 1936, akasema hiyo ndiyo meli. Watoto wanataka Icon. Mke wangu alisikiliza wote kisha akauliza jambo moja: nikiugua siku ya pili katikati ya Atlantiki, nashukia wapi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tumechagua Icon.

Nimefuata ushauri wa Fundi, tumeanza na kalenda. Tunatafuta wiki ambayo shule nyingi za Marekani hazijafunga, kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi, nje ya majira ya vimbunga. Watoto wetu watakosa masomo ya siku chache, na mwalimu tutamwomba wenyewe. Swali lililobaki: mzee anataka roshani, Bi Zuhura anasema karibu na lifti, Baharia anasema chini na katikati. Vyote vitatu vinapatikana pamoja?

Baharia Mstaafu

Vinapatikana ukiwahi. Roshani za meli hizi huanzia juu kidogo ya boti za uokoaji. Chukua sitaha ya kwanza au ya pili ya roshani, katikati ya meli. Hakikisha ni roshani inayotazama bahari. Icon ina roshani nyingine zinazotazama ndani, kwenye bustani ya Central Park yenye mimea halisi, na nyingine zinazotazama Surfside. Ni nzuri, ila mzee anayetaka upeo wa maji hatauona, na mgonjwa wa bahari anahitaji upeo huo machoni ili kichwa kitulie. Usiangalie pia boti tu, angalia kilicho juu ya chumba: chumba kilicho chini ya jiko au ukumbi wa muziki hakilali.

Kasa

Nawatakia safari njema kwa moyo wote, ingawa bado naamini mzee alikuwa sahihi. Mwaka watoto watakapokuwa wakubwa, mrudishe kwenye ile njia ya mbao.

Bi Zuhura

Baba Salma, tazama kama kati ya vyumba vya roshani vilivyoandaliwa kuna vinavyounganishwa kwa mlango wa ndani na chumba cha kawaida. Wazee wakae hicho, nyinyi mkae cha pili, mlango ubaki wazi mchana. Piga simu uulize kwa namba ya chumba, usiridhike na jibu la jumla kwamba vipo. Na muulize mzee upana wa kiti chake kutoka gurudumu hadi gurudumu. Uandike sentimita hizo pembeni ya simu kabla hujapiga, ni swali la kwanza watakalokuuliza.